Maarifa ya Nyumbani: Kamera Ndogo na Miguu Yake Mitatu



Juma hili nataka kujibu swali la kijana mmoja wa hapa kwetu Matwebe. Amenunua kamera ndogo, ile inayoingia mkobani. Kaka yake ataoa mvua zikiisha, na jamaa wamekwisha kumwambia kwamba yeye ndiye mpiga picha wa arusi. Sasa ananiuliza hivi: "Nimeambiwa yafaa ninunue na stendi ya miguu mitatu. Madukani ziko za kila namna na kila bei. Nichukue ipi? Na kile kichwa chake, mbona pengine huuzwa mbali na miguu?"

Swali hili ni jema, nami nalijibu mbele ya wasomaji wote, kwa maana siku hizi kamera zimeingia katika nyumba nyingi, na asiye na kamera ana simu inayopiga picha.

KWA NINI MIGUU MITATU?

Mama zetu walilijua jambo hili kabla ya watengenezaji wa kamera. Nenda jikoni ukatazame: mafiga ni matatu. Meza ya miguu minne ukiiweka juu ya udongo usio sawa, mguu mmoja hubaki hewani, nawe huanza kutafuta kipande cha karatasi cha kuutegemeza. Lakini chungu juu ya mafiga matatu hakichezi, hata kama sakafu ina mashimo. Vitu vitatu hugusa chini sikuzote. Ndiyo sababu stendi ya kamera nayo ina miguu mitatu, na mafundi wengine huiita tripodi.

Na kwa nini kamera itulie? Kamera hupiga picha kwa kufungua jicho lake kitambo kidogo ili mwanga uingie. Nje, penye jua, kitambo hicho ni kifupi mno, labda sehemu moja ya 500 ya sekunde. Hapo mkono wako hauwezi kuharibu kitu. Lakini ndani ya nyumba, au kanisani penye mwanga wa madirisha tu, jicho hilo lapaswa kukaa wazi sehemu ya 15 ya sekunde, au hata robo ya sekunde. Utasema, robo ya sekunde ni nini? Ni kama kufumba na kufumbua. Lakini kwa kamera huo ni muda mrefu. Moyo wadunda, pumzi yapanda na kushuka, kidole chabonyeza kitufe, na yote hayo huandikwa katika picha.

Wapiga picha wa zamani walikuwa na kanuni nyepesi. Kwa kamera ya filamu ya milimita 35, ukiwa na lenzi ya milimita 50, usiishike mkononi kwa muda mrefu kuliko sehemu ya 50 ya sekunde. Ukiwa na lenzi ya milimita 200, usipite sehemu ya 200. Kamera nyingi za leo zina chombo ndani yake cha kutuliza mtikisiko, nacho husaidia sana, lakini kina mwisho wake. Tena waweza kuiamuru kamera iongeze usikivu wake kwa mwanga, yaani zile namba za ISO, lakini ukizidisha, picha hujaa chengachenga. Kwa hiyo penye mwanga haba, stendi ndiyo rafiki asiyechoka.

KOSA LANGU MWENYEWE

Haya siyaandiki kwa kuwa nimeyasoma tu, bali kwa kuwa yamenipata. Miaka kadha iliyopita nilinunua stendi yangu ya kwanza katika duka moja la mjini. Ilikuwa nyepesi kama bua, nami nikafurahia wepesi huo pamoja na bei yake. Sikuifungua dukani wala sikuijaribu. Niliichukua tu, nikapanda gari kurudi nyumbani.

Mwezi wa Aprili, katika mvua zetu nzito, nikaitwa nikampige picha bibi yangu mzaa mama. Alikuwa mzee sana, haendi tena shambani, lakini siku ile alikuwa na nguvu. Amevaa kitenge chake kizuri, ameketi karibu na mlango. Nje mawingu yamefunika kila kitu, ndani mwanga ni kidogo. Sikutaka kuwasha taa ya kamera, maana humpiga mzee machoni naye akakunja uso. Nikasema moyoni, leo stendi itafanya kazi yake.

Nikairefusha miguu mpaka mwisho, nikaivuta na nguzo ya katikati mpaka mwisho. Nikaifunga kamera, nikakaza kichwa, nikatazama: uso wa bibi uko katikati. Nilipobonyeza, kichwa kikainama polepole kama mtu anayesinzia ibadani. Nikakaza tena, kikainama tena. Nguzo nayo ilitetemeka kila nilipoigusa. Bibi akacheka, akaniuliza kama kamera yangu imezeeka kuliko yeye. Mwisho nikaitoa kamera, nikaishika mkononi, nikapiga picha sita. Jioni nilipozitazama, zote zilikuwa zimetikisika; macho ya bibi yalikuwa manne.

Nikamwambia, "Bibi, nitarudi kiangazi, jua likitoka." Akakubali. Lakini hakukiona kiangazi kile. Siku ya maziko, picha iliyowekwa mbele ya watu ilikuwa ile ya kitambulisho chake, imekuzwa mpaka sura ikawa kama ya mtu mgeni. Mama yangu hakunilaumu. Alisema tu kwamba huyo aliye pichani hafanani na mama yake. Neno hilo nalikumbuka kila nionapo stendi dukani.

Wa kulaumiwa si stendi peke yake. Mimi ndimi niliyeinunua bila kuijaribu, na mimi ndimi niliyeivuta nguzo mpaka juu. Basi nisikilize, ili wewe usije ukasema "nitarudi kiangazi".

TUANZE NA MIGUU

Kichwa chema juu ya miguu mibaya ni kazi bure. Kwa hiyo tazama miguu kwanza.

Urefu. Stendi ifike kifuani pako bila kuivuta nguzo ya katikati. Kamera ndogo za leo zina kioo nyuma, nawe waweza kutazama picha bila kulisogeza jicho karibu, kifuani hutosha. Tena wazee huketi na watoto ni wafupi, na picha yao hupendeza kamera ikiwa usawa wa macho yao. Nguzo ya katikati ni fimbo moja iliyosimama juu ya mafiga. Kadiri unavyoivuta, ndivyo kamera inavyoyumba. Itumie kwa dharura tu.

Unene. Tazama kipande cha chini kabisa cha mguu. Kama ni chembamba kuliko kidole chako kidogo, iache stendi hiyo. Mguu wenye vipande vitatu au vinne wafaa. Wenye vipande vitano hukunjika ukawa mfupi sana, jambo zuri safarini, lakini kila kiungo ni mahali pa kulegea, na kipande cha mwisho huwa chembamba mno.

Vifungo. Vipande vya mguu hufungwa kwa njia mbili. Ziko klipu za kubana kwa kidole, na ziko pete za kuzungusha. Klipu zina faida kwamba waona kwa mbali kama imefungwa au la, na zikilegea aghalabu hukazwa kwa ufunguo mdogo. Pete hazinasi nguo, ila wapaswa kuzikumbuka moja moja, maana ukiisahau moja, kamera yaweza kuanguka. Njia zote mbili ni njema zikitengenezwa vizuri.

Mabega. Hapa ndipo miguu mitatu inapokutana, na hapa ndipo stendi nyingi za bei ndogo zinapofia, kwa sababu mabega yake ni ya plastiki nyembamba. Chungulia kama pana ufa. Tena tazama kama kila mguu waweza kufunguka peke yake. Stendi nyingi nyepesi zina mikono midogo inayoiunganisha miguu yote na nguzo ya katikati. Mikono hiyo yafaa juu ya sakafu ya saruji. Lakini nchi yetu ya Rungwe ni nchi ya vilima. Ukisimama kwenye mteremko wa shamba la migomba, wahitaji mguu mmoja ufunguke sana na miwili kidogo, na stendi yenye mikono itakukatalia.

Kitu ilichotengenezwa. Aluminiamu ndiyo ya watu wengi: haifanyi kutu nyekundu kama chuma, huvumilia kugongwa, na bei yake ni ya kadiri. Kaboni ni nyepesi zaidi, na mtetemeko hufa upesi ndani yake, lakini bei yake ni kubwa mno. Wapiga picha wa studio za zamani walisimamisha kamera zao kubwa juu ya miguu ya mbao, na mbao nayo humeza mtetemeko vizuri, ila ni nzito kubeba. Kwa kamera ndogo ya nyumbani, aluminiamu yatosha.

Uzito. Stendi yenye uzito wa kilo moja mpaka moja na nusu, pamoja na kichwa, yafaa kwa kamera ndogo. Nyepesi sana hupeperushwa na upepo. Nzito sana hubaki nyumbani nyuma ya kabati, na stendi iliyoachwa nyumbani haijapata kutuliza kamera ya mtu.

Hapa niseme neno juu ya namba zilizoandikwa kwenye boksi: "hubeba kilo tano", "hubeba kilo nane". Usizitegemee sana. Hakuna kipimo kimoja kinachofuatwa na watengenezaji wote. Kila mmoja hupima kwa namna yake. Tena kubeba si kutuliza. Hata kamba ya nguo hubeba blanketi zito, lakini hubembea. Chukua stendi ambayo namba yake ni mara tatu au zaidi ya uzito wa kamera yako, kisha uijaribu kwa mikono yako.

SASA KICHWA

Kichwa ni kile kiungo kati ya miguu na kamera. Ndicho kinachokuwezesha kuielekeza kamera huku na huku. Katika stendi za bei ndogo kichwa kimeunganishwa na miguu wala hakitoki. Katika stendi bora hutoka kwa skrubu, na ndiyo sababu pengine huuzwa mbali. Hiyo ni faida kwako: leo nunua miguu mizuri na kichwa cha kadiri, na mwaka kesho, ukipata fedha, ubadili kichwa tu.

Viko vichwa vya namna tatu.

Kwanza, kichwa cha gololi. Ndani yake mna gololi kubwa iliyobanwa. Ukilegeza kitasa, kamera huenda upande wowote. Ukikaza, yote hushikwa mara moja. Ni kidogo, chepesi, na cha haraka. Tafuta chenye gololi nene, kama milimita 30 hivi au zaidi, na chenye kitasa cha pili cha kuzungusha kamera kushoto na kulia bila kulegeza gololi.

Pili, kichwa cha mikono mitatu. Kila mkono hufanya kazi moja: juu na chini, kushoto na kulia, na kulaza kamera ubavu. Ni cha polepole na hujaza mkoba, lakini ukitaka kunyosha picha ya jengo, au ya jamaa 30 waliopangwa mistari mitatu, utakishukuru, maana waweza kurekebisha upande mmoja bila kuharibu mwingine. Vingi vina na pima maji ndogo kama ile ya fundi mwashi.

Tatu, kichwa cha mpini mmoja mrefu, kwa kazi ya video. Ndani yake huwa na mafuta mazito ili kamera igeuke taratibu bila kurukaruka. Kama hupigi video, hukihitaji.

Sasa skrubu. Hapa tuna bahati. Karibu kamera zote ndogo zina tundu chini yake la skrubu ya robo inchi, yenye nyuzi 20 kwa kila inchi. Kwa hiyo kamera ya mtengenezaji mmoja hukaa juu ya stendi ya mwingine bila ugomvi. Ila skrubu iliyo kati ya miguu na kichwa mara nyingi ni nene zaidi, ya inchi tatu kwa nane. Ukinunua miguu na kichwa mbalimbali, hakikisha kwamba zinalingana. Zikitofautiana, kuna kipete kidogo cha kupunguzia tundu.

Mwisho, kibati. Vichwa vingi vina kibati kinachofungwa chini ya kamera, nacho hubanwa kichwani kwa kitendo kimoja. Kibati hicho kikipotea, stendi nzima huwa fimbo tu. Kwa hiyo chagua cha umbo linalotumiwa na watengenezaji wengi, yaani lile liitwalo Arca-Swiss, ili upate kingine bila taabu. Ukiweza, nunua viwili mara moja.

UJARIBU DUKANI, SI NYUMBANI

Ukienda Tukuyu, au Mbeya, au hata ukimtuma ndugu aliyeko Dar es Salaam, majaribio ni haya. Beba kamera yako mwenyewe.

Kwanza, fungua miguu yote mpaka mwisho, nguzo ibaki chini. Weka viganja juu ya mabega ya stendi, kandamiza kwa uzito wa mikono. Kipande chochote kikiteleza, irudishe.

Pili, shika mabega hayo uyazungushe kidogo kushoto na kulia, kama ufunguaye mlango kwa ufunguo. Yakicheza, irudishe.

Tatu, funga kamera, ielekeze kwenye alama fulani ukutani, kaza kichwa, kisha achia mkono. Je, alama imebaki pale pale? Subiri dakika moja, utazame tena. Jaribio hili laiti ningalilifanya mimi!

Nne, kuza picha kwenye kioo cha kamera, kisha gonga mguu mmoja kwa kidole. Picha itatetemeka. Katika stendi nzuri mtetemeko hufa upesi. Katika mbaya utahesabu moja, mbili, tatu, na bado yatetemeka.

Tano, ifunge na kuifungua mara tatu. Kama vidole vyako vimebanwa au kitu kimekwama ukiwa dukani kwenye mwanga, itakuwaje arusini?

Muuzaji akikukataza kujaribu, mwambie asante kwa adabu, uende duka la pili. Na kama fedha ni chache, shauri langu ni hili: afadhali stendi nzuri iliyokwisha kutumika kuliko mbaya iliyo mpya. Kamera huzeeka upesi, lakini stendi nzuri yaweza kumtumikia baba, kisha mwana.

JINSI YA KUITUMIA KWETU

Sehemu za Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wetu ni ule laini uliotokana na milima ya moto. Basi unapoisimamisha stendi nje, ikandamize kidogo miguu izame mpaka itue, ndipo uitazame kamera. Usipofanya hivyo, itazama yenyewe katikati ya picha. Kwenye mteremko, weka miguu miwili upande wa chini na mmoja upande wa juu. Vuta kwanza vipande vinene vya juu. Vyembamba vya chini vuta mwisho, ukivihitaji. Upepo ukivuma, ning'iniza mkoba chini ya nguzo, lakini uguse chini kidogo, usije ukabembea kama kengele. Ukirudi nyumbani, futa matope kabla ya kuikunja, uiache wazi mpaka ikauke. Mchanga ukiingia katika vifungo huvila.

Wakati wa kupiga, usiiguse kamera. Tumia saa yake ya kuchelewesha: sekunde mbili zatosha ili mtikisiko wa kidole uishe. Na kitabu cha kamera yako kikisema uzime kile chombo cha kutuliza mtikisiko ukiwa juu ya stendi, kizime.

Kanisani, mwombe ruhusa padre au mchungaji mapema. Simama pembeni karibu na nguzo, wala usiweke miguu ya stendi njiani, ambapo bibi arusi atapita na gauni refu. Na ujue jambo hili: stendi hutuliza kamera, haitulizi watu. Kwa robo ya sekunde, mtu akigeuza kichwa atatoka kama moshi. Waombe watulie, hesabu kwa sauti, na piga mara tatu au nne. Wakati wa ngoma na watoto kucheza, itoe kamera, uishike mkononi. Hapo stendi haina kazi.

Iko faida moja ya stendi ambayo watu huisahau. Katika kila nyumba yuko mmoja anayepiga picha sikuzote, na kwa sababu hiyo hayumo katika picha yoyote. Aghalabu ni baba, au dada mkubwa. Miaka ishirini ikipita, watoto watauliza, "Huyu alikuwa wapi?" Weka kamera juu ya stendi, tia saa ya sekunde kumi, kimbia ukasimame karibu na wenzako.

KAMA FEDHA HAKUNA

Usikate tamaa. Jaza maharagwe kilo moja katika kifuko cha nguo, ukishone, ukiweke juu ya ukuta, kiti, au mlango wa gari. Kamera ikilala juu yake hutulia vizuri kabisa. Au chukua skrubu ya robo inchi, fupi ya kutosha isije ikatoboa kamera kwa ndani, uifunge kamba ndefu. Ikaze chini ya kamera, ikanyage ncha ya kamba kwa mguu, kisha vuta juu mpaka kamba ikakamae. Si sawa na stendi, lakini hupunguza mtikisiko. Na mwenye simu anunue kishikio kidogo chenye tundu la skrubu ile ile ya robo inchi. Simu yake itakaa juu ya stendi yoyote.

PICHA NI SHAHIDI

Pengine mzee mmoja atasema, "Haya yote kwa ajili ya picha tu?" Nami nitamjibu kwa habari ya hapa hapa kwetu. Katika misitu ya Mlima Rungwe yuko nyani mrefu wa manyoya ambaye Wanyakyusa wamemwita kipunji. Wataalamu walikuwa hawamjui. Watafiti walisikia habari zake kwa wenyeji, na mwaka 2003 wakamwona katika misitu ya Rungwe na Livingstone. Mwaka 2004 watafiti wengine wakamwona mbali na hapa, katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 habari zake zikatangazwa duniani katika jarida la Science. Desturi ni kwamba anayetangaza mnyama mpya huweka mwili wake katika nyumba ya makumbusho uwe shahidi. Safari ile hawakuwa na mwili, wala hawakutaka kumwua mnyama aliye haba namna ile. Shahidi wao mkuu alikuwa picha. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule mmoja alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima, kwenye shamba la mahindi karibu na Mlima Rungwe, na kwa mwili huo wataalamu wakamchunguza zaidi. Mwaka 2006 wakampa jina la ukoo wake, Rungwecebus, kutokana na mlima wetu.

Ikiwa picha yatosha kumshuhudia mnyama wa msituni mbele ya wataalamu wa dunia, basi na bibi aketiye mlangoni naye anastahili shahidi asiyetikisika.

Kijana wangu, jibu lako kwa ufupi ni hili. Nunua miguu ya aluminiamu, vipande vitatu au vinne, inayofunguka kila mguu peke yake, ifike kifuani bila nguzo. Juu yake weka kichwa cha gololi nene chenye kibati cha umbo la wengi. Ijaribu dukani kwa yale majaribio matano. Kisha, kabla ya siku ya arusi, anza nyumbani kwenu. Najua una babu ambaye hajapigwa picha miaka mingi. Mwombe aketi karibu na dirisha, tia saa ya sekunde mbili, umwambie atulie kidogo.

Usingoje kiangazi.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuhifadhi picha nyumbani zisiharibiwe na unyevu wa huku kwetu. Kwaherini.